Nimepunguzwa kazini baada ya miaka mingi mtamboni: nijifunze fani gani mpya, na kwa njia ipi?

Mchapaji aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Tangu nilipomaliza mafunzo ya ufundi nikiwa kijana, nimekuwa mwendeshaji wa mtambo wa ofseti wa kuchapa magazeti, na sasa nimevuka umri wa miaka arobaini na mitano. Wasomaji wamehamia kwenye simu, matangazo yamewafuata huko, na kiwanda chetu kimeufunga mtambo wa mwisho na kutupunguza karibu sote. Nimelipwa kiinua mgongo ambacho, nikikitumia kwa uangalifu, kinaweza kuitunza familia yangu kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Ninaomba ushauri wa watu wanaoyafahamu mambo haya kwa undani, kwa sababu kila ninayemuuliza ananielekeza upande wake: mmoja anasema nisomee kompyuta, mwingine umeme wa jua, wa tatu udereva wa magari makubwa, na vyuo vyote nilivyovitembelea vinaahidi ajira. Je, mtu wa umri wangu, mwenye cheti kimoja cha zamani na mikono iliyozoea mashine, achagueje? Je, ni busara kulipia kozi ndefu kutoka kwenye fedha hizi, au ni afadhali nishike kazi yoyote kwanza? Na uzoefu wangu wa miaka yote hii una thamani gani mbele ya mwajiri asiyehusika kabisa na magazeti?

Mkufunzi alijibu:

Pole sana, ndugu Mchapaji. Ninafundisha ufundi wa mitambo, na wengi wa wanafunzi wangu wa jioni ni watu wazima waliopoteza kazi kama wewe. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa majibu ya hayo mengine yanalitegemea.

Cheti chako kinakutaja kuwa mchapaji, lakini kazi uliyokuwa ukiifanya ni pana kuliko jina hilo. Ulikuwa ukilinganisha wino na maji ili picha isififie wala isichafuke; ukirekebisha mkazo wa karatasi inayokimbia kwa kasi ili isikatike; ukitambua kwa sikio beringi iliyoanza kuchoka; ukizima na kufunga umeme kabla ya kuingiza mkono kwenye rola; ukipokezana zamu za usiku na kukabidhi kazi kwa saa isiyosogezwa. Viwanda vya vifungashio, vya karatasi, vya nguo, vya vinywaji na vya kusindika vyakula vinawatafuta watu wenye uwezo huo huo, isipokuwa havitakutambua iwapo wasifu wako utasema tu kwamba ulikuwa mwendeshaji wa mtambo wa magazeti. Kwa hiyo kabla hujachagua kozi, chukua daftari uandike majukumu yako moja baada ya jingine, kwa vitenzi: nilirekebisha, nilipima, nilisafisha, niliwafundisha vijana wapya. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha fani zilizo jirani na yako.

Ya kwanza na ya karibu zaidi ni uchapaji wa vifungashio. Gazeti linaweza kuhamia kwenye simu, lakini dawa, sabuni na unga bado vinahitaji boksi, mfuko na lebo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa fleksografia, ambayo hutofautiana na ofseti kwa mambo unayoweza kuyaelewa mara moja. Katika ofseti taswira hutoka kwenye sahani ya alumini, ikapita kwenye mpira, ndipo ikafika kwenye karatasi. Katika fleksografia sahani yenyewe ni laini, ina maumbo yaliyoinuka, nayo hugonga moja kwa moja juu ya plastiki au kadibodi, huku wino ukipimwa na rola yenye vijishimo vidogo mno. Jicho lako la rangi na mazoea yako ya kulinganisha rangi nne yanahama nawe. Kinachobaki hujifunzwa zaidi kiwandani, kando ya mwendeshaji mzoefu.

Ya pili ni matengenezo ya mitambo ya viwandani, hasa ukiongeza umeme wa mashine na vidhibiti vya kompyuta vinavyoziongoza. Hapa pengo ni kubwa zaidi na utahitaji masomo ya darasani.

Ya tatu ningependa kuieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi wa umri wako huipita bila kuitazama: ufundi wa majokofu na viyoyozi. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kuurekebisha Mkataba wa Montreal wa 1987, ili matumizi ya gesi za HFC, zinazotumika kupoza katika majokofu na viyoyozi na zinazochangia sana ongezeko la joto duniani, yapunguzwe hatua kwa hatua. Gesi zinazochukua nafasi yake zina tabia nyingine: propani na isobutani huwaka moto, na kaboni dayoksaidi hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Matokeo yake ni kwamba hata fundi mkongwe wa majokofu analazimika kurudi darasani, na katika nchi nyingi haruhusiwi kuzishika gesi hizo bila cheti maalumu. Fani inapobadilika kwa namna hiyo, mtu anayeingia leo hayuko nyuma sana ya waliotangulia, na mtu aliyezoea kufuata taratibu za usalama bila kuruka hatua, kama wewe, anapendwa.

Kuhusu cheti cha zamani, uliza mamlaka inayosimamia elimu ya ufundi mahali ulipo kama ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 195 la mwaka 2004, linazihimiza nchi wanachama kuwa na utaratibu huo. Mtahini hukutazama ukifanya kazi, huuliza maswali, hukagua ushahidi wa kazi zako za nyuma, kisha hukupa cheti au kukuondolea sehemu za kozi unazozimudu tayari. Nimeona watu wakilipia upya mambo waliyoyafanya nusu ya maisha yao kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba njia hii ipo.

Katibu wa Tawi alijibu:

Mwalimu amesema vyema kuhusu fani. Mimi ninashughulika na wafanyakazi waliopunguzwa, na nitazungumzia fedha, kwa sababu mara nyingi kozi nzuri hukatizwa katikati na kodi ya nyumba.

Ndugu yangu, usichukue kiinua mgongo ukakiita ada. Kitenge kwanza: matumizi ya nyumbani ya miezi yote ya masomo, kisha miezi kadhaa ya kutafuta kazi baada ya masomo, kwa maana kazi haiji siku ya mahafali. Kinachobaki ndicho unachoweza kukitoa kwa mafunzo, na ndani yake yamo mambo ambayo vyuo huyaficha kwenye maandishi madogo: ada ya mtihani, vifaa, viatu na mavazi ya usalama, nauli. Iwapo unalipwa mafao ya kukosa kazi, uliza kwa maandishi kama kujiandikisha kwenye kozi ya kutwa kunayakatisha, kwa sababu zipo nchi ambazo sheria humtaka mpokeaji awe tayari kuanza kazi wakati wowote.

Halafu uliza ni nani mwingine anayepaswa kulipa. Usione haya kuuliza. Nchi nyingi huwatoza waajiri tozo ya kuendeleza ufundi, na mfanyakazi ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa tozo hiyo aghalabu hajui kwamba ipo. Ufaransa, tangu 2015, kila mfanyakazi ana akaunti yake binafsi ya mafunzo, ambayo tangu 2019 inahesabiwa kwa euro: kwa kawaida euro 500 kwa mwaka hadi kikomo cha euro 5,000, na zaidi kwa wasio na sifa za kielimu. Singapore ilianzisha mpango wake wa SkillsFuture mwaka 2015 na kumpa kila raia aliyefikisha miaka 25 salio la dola 500 za nchi hiyo la kulipia kozi zilizoidhinishwa. Ninazitaja nchi hizi kwa sababu haki hiyo imefungwa kwa mtu mwenyewe na haipotei kazi inapopotea, na ndivyo vyama vyetu vinavyopaswa kudai kila mahali.

Sweden wamekwenda mbali zaidi. Tangu 1974 waajiri na vyama vya wafanyakazi wa ofisini wamekuwa na baraza la pamoja, linalogharimiwa na waajiri, ambalo humpa aliyepunguzwa mshauri wake, na ushauri huanza mapema, wakati mwingine kabla hajatoka kazini. Baadaye wafanyakazi wa viwandani nao wakapata chombo kama hicho. Kama makubaliano yenu ya kupunguzwa hayajatiwa saini na wote, au kama wenzako wa idara nyingine bado wanajadiliana, waambieni wadai kifungu cha mafunzo. Mwajiri anayefunga mtambo huwa tayari kukubali mambo ambayo hatayakubali mwezi mmoja baadaye.

Mtafiti wa Ajira alijibu:

Ninaheshimu waliotangulia, lakini ningependa ndugu Mchapaji afahamu kwamba mafunzo mapya hayana matokeo ya uhakika kama vyuo vinavyodai, na ushahidi wa jambo hili ni mwingi.

Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan walichapisha mwaka 1993 utafiti kuhusu wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliokuwa wamedumu kazini muda mrefu na kisha wakapunguzwa kwa wingi. Hasara yao ya kipato kwa muda mrefu ilikuwa wastani wa asilimia 25 kwa mwaka. Watafiti hao hao, mwaka 2005, waliwachunguza waliorudi katika vyuo vya jamii vya jimbo la Washington. Kwa wastani, masomo ya mwaka mmoja yaliinua kipato cha wanaume kwa takriban asilimia 9 na cha wanawake kwa takriban asilimia 13. Lakini wastani huo unaficha jambo kubwa. Waliosoma masomo ya kiufundi hasa, pamoja na hesabu na sayansi, walipata takriban asilimia 14 kwa wanaume na 29 kwa wanawake. Waliochukua kozi nyepesi zisizo za kiufundi walipata kidogo mno au hawakupata kitu. Kwa hiyo swali la kama usome au usisome lina uzito mdogo kuliko swali la unasoma nini.

Vilevile Marekani ilikuwa na mpango wa kuwasaidia waliopoteza kazi kutokana na bidhaa za nje, ulioanzishwa mwaka 1962 na ulioacha kuidhinisha waombaji wapya mwaka 2022. Tathmini kubwa iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba miaka minne baadaye washiriki walikuwa na kipato cha chini kuliko watu waliofanana nao ambao hawakuutumia, na sababu mojawapo ni muda mrefu waliokaa darasani bila mshahara. Wachumi wengine, Card, Kluve na Weber, walipokusanya tafiti zaidi ya 200 za nchi mbalimbali katika makala yao ya 2018, waliona kwamba programu hizi huonyesha faida ndogo sana mwanzoni, na faida hukua miaka miwili au mitatu baada ya kumaliza. Mtu mwenye akiba isiyofika mwaka mmoja lazima aitazame hesabu hiyo kwa makini.

Mimi kwa hiyo ninatofautiana kidogo na Mkufunzi. Ningeshika kazi kwanza, hata kama malipo si ya kuridhisha, kisha nisome jioni.

Mkufunzi alijibu:

Ninakubaliana na takwimu za ndugu Mtafiti, na zinaunga mkono ninachowaambia wanafunzi wangu kuhusu kozi nyepesi. Hofu yangu ni kuhusu hiyo kazi yoyote. Nimewapoteza wanafunzi wengi waliopata kazi ya ulinzi au ya kupakia mizigo yenye zamu zinazobadilika kila wiki. Hawakushindwa masomo, walishindwa kufika darasani. Kama ni lazima kushika kazi, na kwa wengi ni lazima, basi itafutwe ndani ya kiwanda cha fani unayoilenga, hata kama ni ya kusaidia mashineni au ghalani. Humo utaiona mashine kila siku, utajua nafasi zinapotokea, na msimamizi atakuwa amekuona ukifanya kazi kabla hajasoma wasifu wako. Ukiweza kuingia kama mwanagenzi mtu mzima, anayelipwa huku akifundishwa, ni bora kuliko njia zote tulizozitaja. Kuna viwanda vinavyowakubali watu waliovuka miaka arobaini, lakini havitangazi. Mtu huenda kuuliza.

Mchapaji aliandika:

Ninawashukuru kwa moyo wangu wote. Nimeanza kuandika ile orodha ya majukumu na imezidi kurasa nilizotarajia. Nina maswali mawili. Mwanangu ananisihi nijiunge na kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu za kompyuta kwa njia ya intaneti, nayo inatoa cheti. Je, niikatae kabisa? La pili ni la moyoni: sijaingia darasani tangu ujana, na hesabu zimenitoka.

Mtafiti wa Ajira alijibu:

Kuhusu programu za kompyuta, mwulize mwenye kozi maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi: kati ya walioanza, na si waliomaliza tu, ni wangapi waliajiriwa ndani ya miezi sita, katika kazi gani, na je, wanaofundisha humo humo chuoni wamehesabiwa kuwa ni walioajiriwa? Asiyeweza kujibu usimlipe. Nafasi za mwanzo katika fani hiyo zinagombewa na wahitimu wa vyuo vikuu, na cheti cha miezi mitatu hakikuweki mbele yao. Lakini usiuchukie ujuzi wa kompyuta kwa sababu hiyo. Kutayarisha mafaili ya uchapaji na kusimamia rangi kwenye skrini kuko karibu sana na unayoyajua, na kila kiwanda sasa huweka kumbukumbu za matengenezo kwenye lahajedwali. Hayo unaweza kujifunza kwa gharama ndogo, na mwanao anaweza kuwa mwalimu wako wa kwanza.

Mhudumu wa Hospitali alijibu:

Kaka Mchapaji, nimesoma mjadala huu tangu mwanzo na swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa kiwanda cha nguo, upande wa kupiga pasi za mvuke, hadi kilipofungwa. Leo ninasimamia utakasaji wa vifaa vya upasuaji. Fani hizi mbili zinaonekana kuwa mbali, lakini kazi yangu ni mashine ya mvuke, joto, shinikizo, muda na kumbukumbu: nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, mvuke ukigusa kila sehemu ya kifaa, na hakuna kifaa kinachotoka bila alama ya kuthibitisha kwamba mzunguko umekamilika. Nilipoiona mashine ile kwa mara ya kwanza, nililijua bomba lake, vali yake na kipimo chake. Nilichokosa ni elimu ya vijidudu, majina ya vifaa, na nidhamu ya kutenganisha upande mchafu na ulio safi. Hayo ndiyo niliyojifunza chuoni, na hayo tu.

Kuhusu hesabu, usisubiri kozi kuu ianze. Vyuo vingi vya watu wazima vina madarasa ya kukumbushia hesabu na kusoma, mara nyingi kwa ada ndogo au bila ada, na katika mafunzo ya ufundi hesabu zinazohitajika zaidi ni sehemu, asilimia, uwiano na kubadilisha vipimo. Wewe uliyechanganya wino kwa uwiano umekuwa ukizifanya miaka yote bila kuziita kwa jina. Vijana tuliosoma nao walikuwa wepesi wa kukariri kuliko mimi. Walipofika kwenye mashine, walikuja kuniuliza. Ninakuomba usiingie darasani ukiwa umeinamisha kichwa.

Jambo moja ningeongeza kwa wanawake wanaosoma hapa: takwimu alizozileta ndugu Mtafiti zinaonyesha kwamba masomo ya kiufundi yalitunufaisha kuliko wanaume, na bado tunaelekezwa kwenye kozi fupi za mapokezi na za mapambo. Ombeni kuona karakana.

Mchapaji aliandika:

Dada yangu, maneno yako nimeyapokea. Nimepata ruhusa ya kukitembelea kiwanda kimoja cha vifungashio, na msimamizi wa uzalishaji amekubali kuzungumza nami kwa muda mfupi. Mwalimu, nimuulize nini?

Mkufunzi alijibu:

Usianze kwa kuomba kazi. Mwombe akuonyeshe mashine inayomsumbua zaidi, kisha msikilize. Mtu wa uzalishaji akianza kueleza upotevu wa malighafi au rangi zinazobadilika kati ya roli moja na nyingine, utajua papo hapo ni wapi uzoefu wako unaingia, nawe umweleze ulivyokuwa ukilishughulikia tatizo kama hilo kwenye ofseti. Baada ya hapo muulize watu watatu wa mwisho aliowaajiri walikuwa na mafunzo gani na walitoka chuo kipi, ni cheti kipi anachokitaka kwa lazima na kipi hakijali, na kama angekubali mtu mzima afanye mazoezi ya vitendo kwake akiwa bado anasoma. Akikutajia chuo, nenda chuoni hapo ukiwa na jina la kiwanda chake, uombe kupimwa kwanza kwa ule utaratibu wa kutambua ujuzi, ndipo uulize ada ya sehemu zilizobaki. Chukua pia ile orodha yako, nakala safi ya ukurasa mmoja tu, umwachie.